Programu Niliyomwekea Rehema

Jumatatu, 14 Julai
Sijamwambia mtu yeyote: programu inayompeleleza wifi yangu Rehema kwenye kompyuta yake niliiweka mimi. Ilikuwa mwezi wa tano, yeye amekwenda hitimani Kiegeani. Kaka Hamisi, mumewe, alinipigia kutoka Mtwara anakofanya kazi, akanielekeza hatua kwa hatua. Alisema ni kinga dhidi ya wezi. Sikuamini sana. Lakini tangu baba afariki, kaka akisema, mimi naitikia. Wiki iliyofuata akanitumia kamusi kubwa. Nikamshukuru.

Leo wifi alikuwa anachapa mtihani wa darasa lake. Jana kaka alimfokea kwa simu kuhusu barua aliyomwandikia mama yake mzazi, kwamba anataka kwenda kusoma stashahada. Barua ile iko kwenye kompyuta tu, hajamwonyesha mtu. "Wifi, kaka yako amefuga jini," akaniambia, anacheka.

Sikucheka.

Ijumaa, 18 Julai
Chumba cha kompyuta shuleni, saa ya mapumziko. Nimesoma kila nilichokipata kuhusu programu kama ile. Ukiifuta tu, aliyeiagiza anajua papo hapo, na mwenye kompyuta anabaki hajui nini kimeonekana. Mwambie mwenyewe kwanza. Mbali na mashine. Aamue yeye.

Mimi nilitaka kuifuta kimyakimya, nibaki mtoto mzuri.

Jumatatu, 21 Julai
Nimeshindwa kumwambia. Tulikaa jikoni tukikuna nazi. Akanitania: "Wewe kwa kusoma huku, utakuja kuolewa na kabati la vitabu." Nikasema kichwa kinauma. Akanichemshia chai ya tangawizi. Bora angenipiga.

Alhamisi, 24 Julai
Kaka kapiga. Fomu ya chuo ameiona, wifi aliijaza juzi kwenye kompyuta. Mwisho wa kuipeleka ni Jumanne. Jumatatu atampigia mwalimu mkuu wa shule anakofundisha wifi, amkataze kuisaini. Mimi nimjulishe yeye kaka kila wifi anapotoka nyumbani. "Wewe ni damu yangu," alisema.

Nikajibu ndiyo, kaka.

Jumamosi, 26 Julai
Bamvua. Bahari imekupwa mbali. Tulikwenda kumsaidia mama yangu kwenye shamba lake la mwani. Huko hakuna anayekwenda na simu, maji ya chumvi yanaziua. Mama alikuwa kwenye kamba za mbele. Nikamwambia wifi yote, macho kwenye mafundo. Barua, fomu, Jumatatu.

Aliendelea kufunga mwani. Akamaliza kamba nzima.

"Ulizisoma barua zangu?"

"Moja. Siku ya kujaribu kama inafanya kazi."

Hilo hata humu sikuwa nimeliandika.

"Usiiguse mpaka nikwambie," akasema. "Na leo usiniite wifi."

Alasiri alifungua kompyuta, akachapa maswali ya sayansi kama kawaida, kaka aone. Kisha akaijaza fomu nyingine kwa kalamu, akajitanda kanga, akaenda kwa mwalimu mkuu kwa miguu. Kaka hakujulishwa na mtu.

Jumatano, 30 Julai
Kaka alipompigia mwalimu mkuu Jumatatu, saini ilikuwa imeshawekwa. Jana Rehema aliipeleka fomu mwenyewe Kilindoni, ikapokelewa. Leo akaniambia: sasa itoe.

Nywila zake alikuwa amezibadilisha kwanza, kwenye kompyuta ya shule anakofundisha. Niliipiga picha ile programu iwe ushahidi, picha akazichukua yeye. Nikakata intaneti. Nikahamishia maandishi yake tu kwenye flashi, nikafuta mashine yote, nikaanza kuiwekea kila kitu upya. Saa tatu nzima. Alikaa pembeni yangu muda wote. Hakunitania hata mara moja.

Kaka alipiga katikati ya kazi. Nikapokea. Shikamoo. Nikamwambia nimeitoa, na Rehema anajua niliiweka mimi. Hakuitikia marahaba. Akakata.

Mashine ikaomba nywila mpya. Rehema akaivuta kwake. Nikageukia ukutani, nikakaa hivyo mpaka aliposema tayari. Kisha nikaenda uani kuosha masufuria.