Damu Yako Haikupanda Ndege

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila kuanza bila kukuamkia nimeshindwa.

Hapa Nakwa mahindi yametoka, kuku wako mwekundu anaatamia ndani ya beseni la kufulia, na mimi bado natengeneza simu kule Maisaka. Baba mkubwa anatembelea fimbo sasa. Kuamua hajaacha.

Juzi nesi Rehema alirudi. Yule wa utafiti wa presha, aliyetukuta tunapukuchua mahindi. Siku ile ya kwanza Baba mkubwa alishatoa kidole: "Mimi ndo mkubwa wa familia, naweka dole kwa niaba ya wote, tusipoteze muda." Si ndo kwetu, hata ng'ombe wakichanjwa anasaini yeye. Nesi akacheka. "Baba, dole lako ni la damu yako tu. Mama Fausta aseme mwenyewe."

Ukaweka gunzi chini. "Mimi? Unaniuliza mimi?" Ukataka kujua damu itakaa wapi. Hapahapa nchini, nesi akasema. "Sawa. Maana mimi Arusha tu nilitapika njia nzima. Damu yangu msiipandishe ndege." Tukacheka wote.

Unanijua, kitu kikiniingia kichwani situlii. Nesi kapata wapi jeuri ya kumkatalia Baba mkubwa? Nikasoma kwenye simu, neno gumu nalitafuta, nalirudia. Kumbe mataifa yalikaa, nchi yetu ikiwemo, yakatoa tamko kuhusu maadili ya tiba: mkubwa wa jamii akikubali haitoshi, mwenye mwili aulizwe. Tamko lenyewe halina polisi, Mama! Ila nchi ikishaliingiza kwenye taratibu zake, kamati ya maadili inakataa utafiti usiolifuata, na manesi wanafundishwa hivyo. Limetoka kwenye ukumbi wa mbali huko mpaka kwenye gunzi lako! Nilisisimka nikaunguza simu ya mteja.

Sasa kilichomleta nesi juzi. Damu yako waliyochukua siku ile imebaki kidogo, na kuna maabara ng'ambo inaweza kutafuta kwa nini presha inaua upande wenu, bibi halafu wewe. Ile fomu yako ya ruhusa haikugusa habari za nje, kwa hiyo kamati imesema haiondoki mpaka familia iulizwe. Baba mkubwa hakungoja. "Ipelekwe! Marehemu hatapiki." Ndugu waliokuwepo wakacheka, kisha wakanigeukia mimi, mwanao wa pekee.

Nilitaka kusema ndiyo. Kichwa kinaniuma upande uleule uliokuwa unakuuma wewe. Hayo majibu nayataka kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale.

Lakini wewe ulishaulizwa. Kuolewa kwako, shamba, mimi kuacha shule, vyote waliamua wengine, wewe ukapika chai. Mara moja mtu akakuuliza, ukajibu. Ulicheka, ndiyo. Hukutania.

Nikasema, "Mama alishajibu."

"We binti, yule alikuwa anatania!"

"Nimekusikia, Baba mkubwa. Ila alishajibu."

Nesi akafunga kalamu yake. Hakunibembeleza. Akasema tu kwamba utafiti bado unapokea watoto wa waliopimwa, kama kuna anayetaka. Nikapandisha mkono wa sweta.

"Basi niulize mimi."

Akaniuliza yote, polepole, mpaka la ndege. La ndege nikakubali. Baba mkubwa akabaki anachora chini kwa fimbo, halafu kwa sauti ndogo akamwuliza nesi kama na yeye anaweza kupimwa tena. Damu yangu ikapanda kwenye kichupa, nyeusi kidogo. Nusu yake ni wewe, nadhani. Ila ruhusa ilikuwa yangu.

Basi, Mama, lala. Yako iko hapahapa, hakuna atakayeisumbua. Mimi nitapima presha yangu bila kungoja kuanguka kama ulivyongoja wewe. Na majibu yakija, nitakuja nayo kaburini nikusomee kwa sauti. Nikifika nitakuuliza kwanza kama unataka kuyasikia.

Mwanao,
Fausta