Sauti Yako Ilimpeleka Mwanne

Kwa Januari, dukani,
Geita.
9 Machi, 1958

Mpendwa mdogo wangu Fikirini,

Pokea salamu za dada yako. Sisi hatujambo, ila ni hatujambo yenye lakini. Kikohozi kimepona? Juzi ulikohoa katikati ya habari, nikaiambia redio pole, wateja wa Januari wakanicheka.

Mvua ni nzuri na mahindi yanapendeza. Shemeji yako yuko mgodini, zamu ya asubuhi.

Sasa mpwa wako Mwanne. Unalikumbuka kovu la shavuni, la ule uji uliommwagikia akiwa mdogo. Mwezi wa kumi na mbili ulisoma tangazo la mtaalamu wa Mwanza anayekata makovu usoni, yasionekane tena. Harusi ya Mwanne ilikuwa iwe baada ya mfungo, akataka kwenda. Nilikataa. Akanijibu, “Mama, mjomba mwenyewe kasema.” Nikamruhusu, maana neno la mjomba kwetu halipingwi.

Amerudi shavu limevutika, na jicho la kushoto halifumbi hata akilala. Hospitalini wanasema yule si daktari. Wakwe wamekuwa kimya.

Fikirini, nimechanganyikiwa. Kukukasirikia nashindwa, kutokukasirikia pia nashindwa. Januari anasema mtangazaji ni kama tarishi, hupeleka alichopewa. Lakini tarishi haitii barua utamu, nawe uliisoma kwa utamu. Basi aulizwe nani: aliyeandika, aliyesoma, au wakubwa wenu walioruhusu? Mwanne hataki hata nikuandikie, anaogopa utafukuzwa kazi.

Jumatano iliyopita ulilisoma tena tangazo lile. Mwanne alikuwepo dukani. Alijifunika khanga, akatoka.

Jirani yetu Mageni, mwenye makovu ya ndui, naye amefunga mzigo. Anaondoka mwisho wa mwezi kwenda Mwanza kwa mtu yule yule. Nimemwonyesha uso wa mwanangu. Akasema labda Mwanne alivunja masharti, redio haiwezi kudanganya watu wote hawa. Atakuamini wewe, si mimi.

Waambie wakubwa wako, mdogo wangu. Tangazo lilisomwa hadharani, na likanushwe hadharani, kwa sauti ile ile.

Msalimie wifi Mwaisha na mama Mwanaima hapo jirani. Mungu akutunze, na akupe moyo mkubwa kuliko woga wako.

Jumatano ya mwisho ya mwezi huu nitakaa na Mageni kando ya redio. Mzigo wake atakuja nao.

Dada yako akupendaye hata sasa,
Zamoyoni