Tambara Kwenye Tundu la Roshani

Mjukuu wangu, mume wangu Hamisi,

Assalaam aleikum. Kifua kimepona? Sie huku Temeke wazima, alhamdulillahi.

Unauliza kama roshani inayovuja uiwekee vigae vipya juu ya vile vya zamani. Nilipoolewa mie nilifanya hivyohivyo, ikapendeza. Siku moja mama mkwe alimaliza kuswali kwenye chumba cha chini yake. Hajafika mlangoni, pande la zege likatua kwenye mswala, pale alipokuwa amesujudu.

Fundi alipobandua vigae tukakuta maji yametuama, nondo zimeoza kwa kutu. Kumbe tundu la kutolea maji nilikuwa nimeliziba mwenyewe kwa tambara, panya wasipite.

Mama mkwe akaniambia, "Basi, mwanangu, panya hawakupita."

Bandua kwanza, ndipo upake dawa ya kuzuia maji. Kachungulie na tundu, uniandikie upesi umekuta nini.

Bibi yako