Isale la Sirili

Pasua, Moshi
3 Machi 2024

Shikamoo Bibi,

Goti linaendeleaje? Mimi mzima, sauti tu imekauka. Nakuandikia barua kwa sababu ukiongea kwenye simu unapayuka mpaka Babu Sirili anasikia kule ng'ambo ya mpaka.

Bibi, albamu imetoka. Ni roki, ile ya magitaa yanayounguruma, na mimi nafoka mwanzo mpaka mwisho. Tumeiita Masale, kama ile mimea yetu ya mpakani. Wimbo wa nne nimemtaja Babu Sirili kwa jina. Nimesema alivyong'oa masale ya mpaka wakati umelazwa hospitali, akayapanda upya ndani ya kihamba chetu, shamba tulilorithi kwa mababu, kaburi la baba likaangukia upande wake, akaliegemezea banda la ng'ombe. Mdogo wake babu, damu moja!

Watu wamegawanyika. Vijana wa hapa Pasua wanasema hawajawahi kusikia kitu kama hiki. Mtangazaji mmoja wa redio aliupiga nusu, akaukata, akawaomba radhi wasikilizaji. Mwingine ameandika kwamba mimi siimbi, natapika. Efraimu, mpiga ngoma wetu, anasema tungelainisha kidogo. Wewe unasemaje? Namtuma Fabian, yule mpagazi, akuletee spika yake usikilize.

Mjukuu wako,
Given


Marangu
17 Machi 2024

Marahaba, mume wangu mdogo.

Goti linauma lakini bado linanipeleka ninakotaka. Ng'ombe amezaa. Ndizi zipo. Wewe kula huli, najua, nimeisikia sauti yako.

Anayeandika ni Elisifa wa kwaya, maana mimi kalamu sikufundishwa. Amenuna. Nimemwambia aandike nilivyosema, asinitilie sukari.

Given, ni kelele. Ni kama mashine ya kumenyea kahawa iliyomeza jiwe. Kuku walikimbilia migombani, kutoka hawataki. Elisifa anasema ni mapepo, na hilo nimemwambia aliandike pia. Fabian anasema kambini kule mlimani wapagazi wanaruka nao, mpishi anaziba masikio na mwiko mkononi. Mchungaji hajasema kitu. Mchungaji akinyamaza, ujue ameurudia kuusikiliza.

Na mimi? Ulipofika wimbo wa nne nilimwambia Fabian aiweke spika juu ya lile jiwe la uani, aigeuzie bandani kwa Sirili, afungulie sauti yote. Siku ya kumzika baba yako nililia hivyo hivyo, wanawake wakaniziba mdomo kwa kanga, "Mama Leonce, taratibu, taratibu." Sirili hakuambiwa taratibu na mtu. Ukoo mzima unajua mpaka ulipokuwa, wote wanatazama viatu vyao kwa sababu ni mzee wa kanisa. Ng'ombe wake wanamkojolea mwanangu.

Usilainishe. Efraimu apige ngoma, washauri tunao wa kutosha.

Kula!
Bibi yako


Pasua, Moshi
20 Aprili 2024

Shikamoo Bibi,

Natumaini mvua hazijakuharibia kahawa. Mimi si mzima sana, nikueleze ukweli.

Babu Sirili alikuja hapa. Hakuketi, hakuvua kofia. Akasema, "Mtoto wa Leonce, siku hizi siwezi kupita sokoni. Watoto wananifuata nyuma, 'Rudisha isale! Rudisha isale!' Futa wimbo huo. Usipofuta, nitausimamisha ukoo ukutenge, na ukifa hutazikwa kihambani." Akaondoka.

Kesho yake mwenye ukumbi tunamopigia muziki akatufungia mlango. Efraimu anataka tuufute. Waliokuwa wakitusifu wamegeuka, eti kufoka sawa, ila si kumtaja mzee.

Bibi, yule alikuwa mwanao kabla hajawa baba yangu. Ukisema nifute, nafuta.

Mjukuu wako,
Given


Marangu
9 Juni 2024

Marahaba, Given wangu.

Mimi mzima kuliko mwaka jana. Umeona nimekawia, ukadhani nimeogopa. Nilikuwa nasubiri kitu kiote.

Sirili alikuja kwangu baada ya ibada, na wazee wa ukoo nyuma yake. Mkononi ana kibuyu cha maziwa, na ndani ya kibuyu amesimamisha isale. Mila yetu unaijua: ukiletewa isale, hata na aliyekuulia mtoto, unasamehe. Alilijua hilo kabla hajatoka kwake. Akapiga magoti. "Shemeji, nisamehe. Na umwambie kijana afute."

Nikalipokea. Nikasema, "Nimekusamehe." Akashusha pumzi kama ng'ombe aliyetuliwa mzigo.

Nikamuuliza, "Isale hili sasa ni langu?"

"Ni lako, shemeji."

Angekata majani tu, ningekwama. Lakini alitaka wazee waone toba kubwa, akakata na shina. Shina la isale ukilichomeka, linashika. Nikachukua panga. Nikawaambia, "Wazee, nifuateni." Nikaenda mpaka mbele ya mlango wa banda lake, palepale mpaka ulipokuwa, nikachimba, nikalichomeka, nikalimwagia maziwa yake mwenyewe.

Nikamwambia, "Haya, ling'oe."

Isale uliloombea msamaha kwa magoti, ukiling'oa umejilaani wewe na uzao wako. Mzee Ezra, mmoja wa wazee hao, alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope.

Limetoa jani jipya. Ng'ombe hawawezi kutoka bila kulikanyaga, kwa hiyo Sirili amewahamisha, na tangu juzi analibomoa banda, ubao kwa ubao. Nimeweka kigoda changu kando ya baba yako, namtazama. Msumari ukimshinda namwambia, "Taratibu, shemeji, taratibu."

Elisifa ameacha kuandika, ananiuliza kama basi utaufuta wimbo, maana nimeshasamehe. Nimesamehe, ndiyo. Aliyeletewa isale ni mimi. Kwako alikuja mikono mitupu, na kofia kichwani.

Andika, Elisifa: apige kelele.

Fabian akitaka spika yake, mwambie bado ina kazi. Iko juu ya jiwe.

Bibi yako