Ndaga Amezaa Njiani

Mama,

Tumefika. Tumefika wote salama, tena tumefika wengi kuliko tulivyoondoka. Najua ungenikatiza hapo hapo uulize Baba yuko wapi, amekula nini, na kama amevaa sweta. Baba yuko nyuma ya nyumba, amekula ugali na maharage, na sweta amevaa, lile la kijivu ulilomfumia mwenyewe. Siku ya kwanza alilalamika kwamba huku Karatu kuna baridi. Nikamwambia, "Baba, mtu wa Isongole unalalamikia baridi?" Akasema baridi ya Isongole wanafahamiana, hii hawajatambulishwa.

Leo ni Jumapili, zamu yangu zahanati ni ya jioni, nyumba imetulia. Nimeona nikuandikie kabla sijaanza kusahau nani alisema nini.

Unakumbuka ile asubuhi nilipokuwa nakuogesha, maji yakawa ya moto mno ukanigombeza, halafu ukacheka? Siku hiyo ndiyo uliniambia, "Atupele, mimi nikiondoka usikae hapa kunilindia kaburi. Nitakwenda wapi?" Nilijifanya natafuta taulo. Miaka minne Paskali alifundisha huku kwao peke yake, mimi mkewe nikiwa huko na wewe. Likizo ilikuwa ikiisha kabla Bupe hajaacha kumwonea haya baba yake. Hata siku moja Paskali hakunihimiza nikuache. Ila wewe ulikuwa unaona kila kitu kutoka kitandani kwako.

Basi barua ya uhamisho wangu kuja huku ilipotoka, tatizo likawa Baba. Alisema hatoki. "Ninyi nendeni kwa mume. Mimi nitabaki na Ndaga." Kila nikigusia safari, jibu lilikuwa Ndaga. Ndaga ana baridi, Ndaga hapendi kukamuliwa na mtu mwingine, Ndaga ni ng'ombe wa mama yenu, hauzwi, haazimwi. Ungemsikia! Yeye ndiye aliyekuwa akikucheka ulipomlea Ndaga kwa chupa jikoni akiwa ndama, na kila ukimaliza kumkamua unamwambia ndaga, asante, kama unaagana na mgeni. Mpaka jina likamshika. Baba alikuwa anasema mke wake amechanganyikiwa. Ulipoondoka, Mama, akawa anamwambia ndaga yeye mwenyewe. Nilimsikia. Nilirudi ndani kimyakimya na ndoo yangu tupu.

Nilimpigia Paskali simu nikilia, nikamwambia Baba haji bila ng'ombe. Akasema, "Kwani ng'ombe anakatazwa kuja?" Ndivyo alivyo huyu mkweo. Mimi nilikuwa nimeona ukuta, yeye akauliza mlango uko wapi.

Paskali akashuka kuja kutuchukua. Tukampata Kassimu, dereva wa Fuso, wa mtaa wetu wa Bagamoyo pale Tukuyu, yule ambaye babu yake alikuja kutoka pwani akifanya biashara ya vitambaa. Kassimu alimtazama Ndaga, akatazama makochi yetu, akasema, "Mama Bupe, nimebeba viazi, nimebeba maiti, nimebeba kwaya nzima. Kochi na ng'ombe gari moja sijawahi." Lakini alikuwa anacheka. Wakamtengea Ndaga sehemu yake nyuma kwa mbao, wakatandika nyasi, wakampakilia mashina ya migomba ya kutafuna njiani. Bwana mifugo alikuja kumkagua kwa ajili ya kibali. Akauliza mimba ina miezi mingapi. Baba akajibu haraka, "Sita." Bwana mifugo akainama kuangalia kiwele, lakini mvua ikaanza, ile mvua yetu isiyoomba ruhusa, akaandika sita akakimbilia pikipiki yake.

Asubuhi ya safari Baba alikwenda kaburini kwako peke yake. Alikaa sana. Tulimwona kwa mbali, ameshika kofia mkononi, anaongea na mikono yake inaongea. Mama Mdogo Subilaga akasema tumwache. Yeye ndiye anayebaki na shamba, naye ndiye anayekupalilia sasa. Aliponikumbatia alilia, kisha akanigombeza kwamba nimefunga masufuria vibaya. Ni mdogo wako kabisa.

Mama, nilikuwa nimeogopa safari ile kama mtihani. Nilidhani nitalia mpaka Uyole. Kumbe mbele mle tulikuwa tunacheka tu. Bupe alikaa kati yangu na Kassimu, anasoma kwa sauti kila kibao cha barabarani, na kila mji anauliza kama ndiyo kaskazini. Chimala, kaskazini? Bado. Makambako, kaskazini? Bado. Baba alikataa kukaa mbele. Alikaa nyuma na Ndaga na Paskali, chini ya turubai, na kila tukisimama anashuka kusalimia watu. Mwanamume ambaye mwaka mzima hakuwa anafika hata sokoni! Pale Mafinga alijua wauza mahindi ya kuchoma kwa majina. Iringa tulilala kwa dada yake Kassimu, Baba akawaeleza wenyeji habari za Mlima Rungwe kana kwamba ameupanda jana, na wewe unajua hakuwahi kuupanda. Paskali akaninong'oneza, "Huyu ndiye mzee aliyekuwa hataki kusafiri?" Nilikuwa najiuliza hilo hilo.

Siku ya pili tukashuka kuelekea Mtera. Joto, Mama. Joto ambalo sisi hatulijui. Tukavuka bwawa, Bupe akapiga kelele kwa kuona maji mengi vile. Tulikuwa tumekwenda kama saa moja baada ya hapo, mibuyu na vichaka pande zote, Paskali akagonga paa la chumba cha dereva. Kassimu akasimamisha gari. Nikasikia sauti ya Baba, na sauti ile naijua tangu siku ulipoanguka mara ya kwanza. "Atupele! Njoo!"

Ndaga alikuwa amelala ubavu, anasukuma. Kwato moja ilikuwa imetokeza. Moja tu, na pua.

Mimi ni mkunga, miaka kumi na moja sasa. Nimepokea watoto kwa mwanga wa simu. Lakini nilisimama pale nimeshika turubai kama mgeni wa harusi. Mguu wa pili ulikuwa umekunjika ndani, hilo niliona, ila ng'ombe sijawahi kumgusa zaidi ya kumkamua. Kassimu akarudisha gari nyuma hadi kwenye tuta la udongo, wakashusha bodi la nyuma, wakamtoa Ndaga taratibu akajilaza chini ya kivuli. Hapo ndipo alipotokea bibi mmoja wa Kigogo, mwembamba, mrefu, ana fimbo na mbuzi wake wanamfuata. Hakusalimia. Alizunguka, akachungulia, akauliza, "Nani hapa ana mkono mwembamba?"

Wote wakanitazama.

"Huyu ni mkunga," akasema Baba, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeniuza.

"Wa watu, Bibi," nikasema. "Si wa ng'ombe."

"Mkono ni mkono," akasema. "Nawa."

Nikavaa glavu, nikajipaka mafuta ya kupikia hadi begani, nikapiga magoti kwenye mchanga. Bibi alinishika bega, akawa ananielekeza taratibu kama anayemfundisha mtoto kusuka. "Usivute. Msukume arudi ndani kwanza. Subiri akipumzika. Haya, sasa. Fuata bega lake. Shuka. Umepata goti?" Nilipata goti. "Shuka tena. Funika kwato kwa kiganja chako, isimchane mama yake. Mlete." Jasho lilikuwa linaniingia machoni, Ndaga ananikaba mkono mpaka vidole vikafa ganzi, na Baba amekaa chini amekilaza kichwa cha Ndaga mapajani, anamsemesha Kinyakyusa. Nilisikia jina lako humo ndani.

Mguu ukaja. Mama, nilipousikia unanyooka nilipiga kelele ambayo sijui niliitoa wapi. Bibi akawaita Paskali na Kassimu na kamba, wakavuta kila Ndaga aliposukuma, na ndama akatoka mara moja mwili mzima, akaanguka kwenye kanga yangu. Akalala. Hapumui. Bibi akachomoa unyasi, akamchokoza nao puani, akamsugua mbavu kwa fujo. Kimya. Bupe akanishika sketi. Akamchokoza tena, na yule ndama akapiga chafya, akatikisa masikio, akatutazama kama sisi ndio tuliochelewa.

Kassimu alisema Alhamdulillahi, Baba akasema Haleluya, Paskali akakaa chini akacheka mpaka machozi. Ni jike, Mama. Mweusi, ana doa jeupe kwenye paji.

Tulipotulia, Ndaga akiwa anamlamba mwanawe, Paskali akasema kwa upole, "Mzee, ulisema miezi sita." Baba akawa anaangalia kofia yake. "Ilikuwa tisa," akasema. "Nilijua."

Nilitaka kumkasirikia. Nilisema, "Baba, angekufa! Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, bwana mifugo angemzuia. Akizuiwa yeye, nabaki naye."

"Si ulisema hutaki kuja?"

"Nilisema." Akakung'uta kofia. "Ulitaka niseme nini? Nimwambie binti yangu anibebe kama mzigo? Nilikuwa naogopa mtakubali kuniacha." Kisha akasema taratibu, "Mama yenu nilimweleza. Kule, siku ile. Nilimwambia nakwenda na watoto."

Kwa hiyo wewe ulikuwa unajua, Mama! Mwaka mzima nambembeleza, naomba, namtuma mchungaji, na kumbe anasubiri nimshike mkono tu. Nilimkumbatia na mikono yangu michafu vile vile. Hakunisukuma. Akaniambia nanuka. Nikamwambia tena kwamba kosa lile lingemuua ng'ombe wako, na asirudie kunificha jambo. Akaitika, "Ndiyo, mama." Hajawahi kuniita mama.

Tulilala kwa yule bibi, kwenye ua wake. Jina lake ni Nyemo. Alituambia kwa Kigogo maana yake ni furaha. Baba akasema basi ndama amepata jina. Bibi alijifanya amekasirika, eti sasa watu wakiita ng'ombe ataitika yeye, lakini jioni nilimwona anamtolea ndama huyo nguo yake ya kumfunika. Tulikaa kwake siku mbili hadi Ndaga alipopata nguvu. Ile dang'a, maziwa mazito ya kwanza, ndama alishiba, na ya kubaki Bibi akaipika ikaganda, tukala kwa vidole. Bupe anasema ni chakula kitamu kuliko vyote alivyowahi kula, pamoja na vyako. Nisamehe kwa kukufikishia hilo.

Kutoka Dodoma kwenda mbele Baba alikubali kukaa mbele, kwa sababu miguu ilimvimba, na akamchosha Kassimu kwa maswali. Kondoa, Babati, kisha tambarare ndefu ya ng'ombe na vumbi. Baada ya Mto wa Mbu barabara ikaanza kupanda ukingo ule mkubwa. Juu kabisa Kassimu akasimama tukashuka. Ziwa Manyara lilikuwa limelala chini yetu, limepakana na msitu, na ukingoni mwa maji kulikuwa na rangi ya waridi ambayo Paskali alisema ni ndege. Bupe akauliza kwa uchovu, "Hii ndiyo kaskazini?" Baba ndiye aliyejibu. "Ndiyo hii."

Nyumba yetu iko kwenye kilima upande wa Rhotia. Udongo mwekundu unaong'ang'ania viatu, upepo mwingi, mbali unaona mashamba ya ngano. Mama yake Paskali alitupokea na kibuyu cha maziwa. Kiswahili chake ni cha Kiiraqw na cha Baba ni cha Kinyakyusa, nusu ya maneno hawaelewani, lakini wote wawili wanajua ng'ombe, basi wanakaa bandani wanabishana kutwa nzima. Juzi mkwe wangu alimwambia Baba kwamba Ndaga ana kwato mbaya. Baba hakula mchana. Jioni alikuwa amezitengeneza kwato zote nne.

Na mimi? Jana asubuhi niliamka Paskali amelala pembeni yangu na Bupe amejipenyeza katikati, mguu wake shingoni mwa baba yake, hana haya naye tena. Nilikaa kitandani nikawaangalia. Nilitamani nikuite uone. Kuna wakati bado nageuka na kikombe cha chai mkononi nikitafuta kitanda chako. Nakinywa mwenyewe, kinapoa, naendelea na kazi. Sitakudanganya kwamba hainiumi. Inauma, na nina furaha. Sikujua vitu hivyo viwili vinaweza kukaa nyumba moja.

Ila kilichonifanya nishike kalamu ni cha jana mchana. Baba alimpeleka Ndaga joshoni, Nyemo anamrukaruka nyuma. Mimi nilikuwa natoka zahanati nikawakuta njiani wakirudi. Mwanamume mmoja wa hapa alimsimamisha akamuuliza, "Mzee, wewe mgeni, ng'ombe hawa unawapeleka wapi?" Nilijua jibu litakuwa hadithi ndefu ya Isongole na Mlima Rungwe. Baba alinyoosha fimbo yake kuelekea kilimani, kwenye bati letu.

"Nyumbani," akasema, akaendelea na safari yake.

Mwezi wa sita shule zikifungwa tutakuja, sote, na nitamleta akusimulie mwenyewe. Ataongeza chumvi. Atasema yeye ndiye aliyemzalisha Ndaga. Mwache aseme.

Pumzika sasa, Mama. Mzee wako niko naye, na nakuahidi hatakula chakula chake peke yake hata siku moja.

Mwanao,
Atupele