Grupu Limefungwa, Mkeka Umetandikwa

Jumapili, Kiwalani. Mvua imepiga toka alfajiri, sasa imekatika. Uwani kunateleza, nguo zimejaa ndani, na mie nina maneno.

Shajara, hujambo? Kabla sijaishia darasa la nne tulifundishwa kuandika barua, na barua haianzi bila salamu, kwa hiyo pokea za hapa nyumbani. Baba Editha hajambo, yuko barazani anapiga randa mbao za kitanda cha watu, anajifanya hasikii nikiguna. Mama mkwe hajambo, ila macho ndiyo yale yale. Amekuja toka Songea kutibiwa na kila siku ananiambia maji ya Dar hayakati kiu. Benedikti wangu wa darasa la tano hajambo, kapoteza kiatu kimoja tena. Mjukuu wangu Joni hajambo, kaanza kutambaa, leo nimemkuta na kipande cha mkaa mdomoni, anacheka. Na jirani yangu Mama Tumaini naye hajambo.

Wiki iliyopita huyu wa mwisho nisingemtia kwenye salamu.

Editha nimemwacha makusudi, maana habari yenyewe ni yake. Ndiye wangu wa kwanza. Ndiye aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni kwenye simu, kipindi kile anakaa ndani na mimba, akaniambia, mama, andika huku, uache kuongea na masufuria. Mimba ilimkuta kidato cha pili. Sasa mtoto kakua, mama mkwe kakubali kushinda naye, na mkuu wa shule kasema Jumatatu aje darasani. Ruhusa ya serikali ipo, si jambo la kuiba.

Jumatatu yenyewe ni kesho. Sare imefuliwa, inaning'inia juu ya kitanda chake. Na mpaka jana mchana mwenye sare alikuwa anasema haendi.

Haendi kwa sababu ya grupu.

Tuna grupu la wazazi la WhatsApp, la shule ile. Huwa ni mambo ya michango ya uji na nani kaona sweta la mwanangu. Sasa mtu mmoja akauliza, ni kweli kuna binti aliyezaa anarudi? Hakutaja jina. Hakuna aliyehitaji jina. Watu wakaanza. Wengine wakamtetea, wengine wakasema shule itaharibika, mpaka hapo sikuwa na neno, kila mtu na kichwa chake. Halafu zikaja sauti za kurekodi, watu wanachekea kwenye simu. Zikaja zile picha za katuni mwenye tumbo. Namba moja isiyo na jina ikaandika, mleteni na beseni lake la nepi.

Katikati ya hayo akaandika Mama Tumaini. "Kwa heshima na taadhima, Mama Editha, shule si wodi ya wazazi. Mimi siungi mkono."

Nililia kwa hilo kuliko hata lile la nepi. Nitakueleza kwa nini.

Mie Mngoni, Mama Tumaini Mhehe wa Iringa. Wazee wetu walipigana zamani mpaka wakachoka, wakawa watani: wao wanatuita wala panya, sie tunawaita wala mbwa. Kwa hiyo toka tuhamie hapa, huyu mama hajawahi kuniita kwa heshima. Anaingia jikoni kwangu bila hodi, anafunua sufuria, anauliza leo panya wa aina gani. Mie namuuliza mbona mbwa wa mtaa hawaonekani, Iringa kuna sherehe? Mama yangu mzazi alipofariki, yeye ndiye aliyevaa khanga ya marehemu, akatembea kama marehemu, amejishika kiuno, anawagombeza waombolezaji kwamba wamekula wali wake wote. Nilicheka na machozi yananitoka. Mtani ndiye pekee mwenye ruhusa ya kukuambia lolote, hata siku ya msiba, na hukasiriki.

Sasa mtu huyo ananiandikia kwa heshima na taadhima.

Ndipo nikajua tumeachana. Siku zilizofuata tukikutana bombani ananiambia, "Habari za asubuhi, Mama Editha." Namjibu, "Nzuri tu, Mama Tumaini, sijui wewe." Ndoo zetu zimekaa pamoja, wenyewe tunaangaliana visigino. Adabu ile ilinichoma kuliko tusi.

Jioni hiyohiyo ya matusi, Baba Rehema, ndiye msimamizi wa grupu, akalifunga. Akaandika kwamba kuanzia sasa ni msimamizi tu atakayetuma ujumbe, kwa ajili ya amani. Nikaja kutaka kuandika, nikakuta hakuna pa kuandikia. Amani gani hiyo? Matusi yalishaingia, majibu ndiyo yaliyofungiwa nje.

Nikamwambia Baba Editha nataka kusema. Akaacha randa, akanambia, "Mama Editha, funika kombe mwanaharamu apite."

Nikamwambia kombe gani la kufunika, mtoto analia chumbani?

Namheshimu mume wangu. Ni mtu wa kutotaka makuu, na upole wake ndio uliotulea wote. Lakini sie watu wa mtaa huu tuna ugonjwa. Jambo likiwa gumu, ama tunatukanana ama tunanyamaza. Katikati hapo pa kukaa na kuambiana hoja, hapana mtu. Nilikuwaga naona wazee wa kijijini wakikesha kubishana shamba la nani liko wapi, mmoja anasema mpaka amalize, mwingine anangoja zamu, asubuhi wanakunywa togwa kibuyu kimoja. Hawakuwa malaika wale. Walikuwa wanaonana macho tu.

Basi nikaamua. Mie ni mwoga, nikisikia tu mlango unagongwa kwa nguvu nadhani ni habari mbaya. Nikapita nyumba kwa nyumba. Nilianza na walionipinga. Nikawaambia Jumamosi baada ya saa za kupika njooni kwangu, kuna chai ya mchaichai na mihogo, tuje kuongea habari ya binti yangu nikiwa nimekaa mbele yenu. Mmoja akanicheka, "Mama, unaita watu waje wakuseme kwako?" Nikamwambia ndiyo, na mihogo nawapa.

Kwa Mama Tumaini nilisimama mlangoni. Nikamwambia, "Karibu kesho, tafadhali." Akasema, "Asante, nitaangalia nafasi." Tukaagana kama watu wa ofisini.

Jana walikuja. Si wengi, ila mkeka ulijaa. Sharti langu lilikuwa moja, kila simu iingie kwenye beseni, na beseni nikalifunika kwa kitenge. Baba Rehema aliitoa yake kama anang'olewa jino. Mama Tumaini akaja wa mwisho, akakaa pembeni, mkoba mapajani.

Tulianza vibaya. Baba mmoja akasema watoto wetu wataona kuzaa ni kawaida, dada mmoja akamrukia kabla hajamaliza, sauti zikapanda. Nikaona hapa tunarudi kwenye grupu, tofauti ni kwamba sasa tuna miguu. Kilichotusaidia ni ndege. Sie wa Kiwalani tuko jirani na uwanja, ndege zinapita juu ya bati, hakuna anayesikika, kwa hiyo tumezoea, ikipita mtu anakaa na neno lake mdomoni anangoja. Yule dada alikaa na kidole chake hewani mpaka ndege ikaisha. Ikaisha. Akakiangalia kidole, akakishusha, akasema, "Haya baba, malizia." Watu wakacheka. Kuanzia hapo tukawa tunangojana hata bila ndege.

Nikasema yangu. Nikasema mwanangu alikosea, sikatai, na mie nilimchapa maneno wa kwanza kabla ya mtu yeyote. Lakini adhabu ina mwisho. Mtoto wa miaka kumi na saba ukimwambia maisha yako yameishia hapa, unataka aende wapi? Akizidi kukaa nyumbani, wa pili atachelewa kuja?

Halafu nikamgeukia Mama Tumaini, nikamwambia, wewe ulisema huungi mkono. Leo tuambie kwa nini. Sikukatizi.

Nikaikalia mikono yangu, nisije nikamkatiza.

Akasema binti yake Tumaini, anayesoma shule hiyohiyo, ni mtoto wa kufuata, wenzake wakiruka shimo naye anaruka bila kuangalia. Akasema hamchukii Editha, anaogopa. Akasema, "Usiku nalala nawaza wangu akiona mwenzie kazaa na karudi, atasema kumbe inawezekana." Nilitaka kujibu, nikakumbuka nimeahidi. Akaendelea. "Na kuna jambo lingine hamlisemi. Kijana aliyemharibu huyu binti yuko wapi? Tunabishana arudi asirudi, yeye tumemsahau. Mnamrudisha mtoto shule kimyakimya, yule anatafuta mwingine. Huyo mwingine anaweza kuwa wangu."

Randa ya Baba Editha barazani ikasimama.

Shajara, hapa nitasema kweli. Ndugu wa yule kijana walishakuja kwetu, wakakaa na Baba Editha, wakaomba yaishe kifamilia, na mie niliona heri yaishe. Nilikuwa nimesimama mlangoni namlinda binti yangu asitukanwe, mgongo nimeupa upande anaopitia mwizi. Aliyenionyesha ni huyu niliyekuwa namwona adui. Angenyamaza kwa ajili ya amani ningejuaje?

Mara pazia likafunguka. Editha, na Joni begani. Alikuwa anasikiliza muda wote. Akapiga goti kidogo, "Shikamooni." Wakaitikia marahaba, wengine kwa aibu. Akamwambia Mama Tumaini, "Mama mkubwa, unauliza Tumaini atajifunza nini kwangu. Naomba nimlete Joni alale naye siku mbili. Meno yanaota, anaharisha. Siku ya tatu muulize Tumaini kama anataka wake."

Yule dada wa kidole alicheka mpaka chai ikampalia. Baba Rehema akainamisha uso ndani ya kofia yake. Mama Tumaini hakucheka. Akamwangalia Editha, kisha Joni, na Joni mwenyewe kaukamata mkoba wake anautafuna.

"Huyu mtoto," akasema, "mbona anatafuna ngozi? Hamumpi hata mkia wa panya?"

Mie nilikuwa na birika mkononi. Nililiweka chini.

Nikamwambia, "Panya wamehama, wamesikia Wahehe wanakuja. Hata mbwa wa jirani wamejificha."

Tulicheka wote wawili na hakuna aliyemwangalia mwenzie, maana machozi yalikuwa karibu.

Usidhani kabadilika. Wakati wa kuondoka, anachagua simu yake kwenye beseni, nikamuuliza, "Sasa unaunga mkono?" Akasema, "Siungi. Nimesema siungi na kesho nitasema siungi. Ila Jumatatu nitakuwepo pale getini. Nikimsikia mtu anamtukana Editha atanitambua. Wa kuwatukana wala panya ni mie peke yangu, nimerithi."

Baba Rehema bado hajalifungua grupu. Anasema atafikiria. Nimemwambia afikirie taratibu, mkeka wangu nautandika kila Jumamosi, na Jumamosi ijayo tutaongelea hao vijana wanaowavizia mabinti njiani, na wenye watoto wa kiume waje, ndio hasa tunaowataka. Akikuta watu wamejaa atafungua mwenyewe.

Wapo wanaosema mwanamke wa darasa la nne anaita mikutano, anajiona nani. Najiona mama yake Editha. Inatosha.

Leo baada ya misa nimekaa na Baba Editha. Nimemwambia wiki hii naenda polisi, kwenye dawati lao la jinsia, habari ya kuisha kifamilia mie nimeitoa. Kidole chake kimefuata ukingo wa ubao mpaka mwisho. Halafu kasema, "Twende wote." Sikutegemea. Ninaogopa bado, usiku nitageukageuka, lakini uoga nao una miguu, utatembea na mie.

Editha sasa hivi anapiga pasi sare. Hajasema anaenda. Kauliza tu kama viatu vya mwaka juzi bado vipo, na nimevitoa chini ya kitanda bila neno, nisije nikaharibu.

Nyie mnaonisoma, na hasa wewe wa namba isiyo na jina, najua unasoma. Kama bado una neno, niandikie hapa chini, jina lako ulitaje. Au njoo Jumamosi, mihogo ipo na beseni la simu lipo. Kunipinga ruhusa unayo, nakusubiri kwa hamu. Ila usikawie kujibu, nisije nikadhani umeishiwa hoja.