Tochi ya Baba Bila Pete

Baba Trinah,

Nimekwenda kazini Garhoud. Wali uko kwenye friji, ~~upashe moto~~ ule baridi hivyo hivyo.

Tochi irudishe dukani leo leo, khalas, sitaki mjadala. Kaka yangu anapanda ndege kesho kwenda nyumbani Songea. Baba yangu aliagiza ya mwanga mwekundu, ya kuwindia nguruwe mwitu usiku. Wewe umemchukulia nyeupe, eti ndiyo kali! Nguruwe wakiona mwanga mweupe wanatimka, baba anabaki kumulika mahindi yaliyokwisha kuliwa.

Na uchukue pete yake, ile ya kuibana kwenye mtutu wa bunduki. Asubuhi nilipokuuliza iko wapi, ulicheka: "Pete ni urembo tu, mzee atafunga kwa mpira." Nikaenda kuosha vyombo. Usidhani nilikubali.

Maneno hayo hayo uliniambia siku ya ndoa yetu, nikiwa na pete ya kuazima kidoleni. Jumatatu yake ukairudisha kwa mwenyewe.

Usinirudie hapa bila pete ya bunduki. Kipimo cha mtutu nimekuandikia nyuma ya boksi. Cha kidole changu hujawahi kuuliza.

Mkeo,
Mama Trinah